Komarov Bila "A"

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye, iwe chumbani kwa walimu, kanisani au kwenye foleni ya maji, ananiuliza, "Enhe, Marekani ilikuwaje?" Nimesimulia vipande vipande mpaka koo limekauka, na kila nikisimulia hasira zinapanda upya. Sasa naandika mara moja. Someni wote, halafu mniache nipumzike.

Kwa wale wasiojua: naitwa Yustina Komarov. Mama yangu, Modesta, alikuwa mhudumu wa wodi hapa Tabora enzi zile madaktari wa Kirusi walipokuwa wakiletwa kwenye hospitali zetu. Mmoja wao aliitwa Arkadi Komarov, daktari wa malaria. Mkataba wake uliisha, akaondoka, nami nikiwa tumboni, miezi mitano. Alichoacha ni jina. Padre alitaka kuniandika kwa jina la babu mzaa mama, lakini mama alikataa katakata. "Ana baba," alisema, "na baba yake ana jina." Shuleni wakaligeuza kuwa mzaha. "Komaa, Rova! Komaa!" Nilipigana kwa ajili ya jina hilo darasa la tatu, la nne na la sita. Mama alifariki miaka mitatu iliyopita bila kupata hata salamu kutoka kwa mtu huyo.

Mwaka huu binti mmoja aitwaye Lena akaniandikia kutoka Rockville, jimbo la Maryland, karibu na Washington. Alisema yeye ni mjukuu wa Arkadi. Babu yake alihamia huko na familia yake zaidi ya miaka thelathini iliyopita, na sasa amefariki. Ndani ya droo yake kulikuwa na barua kumi na moja za Kiswahili, zote zina jina la mama nyuma ya bahasha, pamoja na picha ya mtoto wa kike aliyenuna, nyuma yake jina langu, ambalo alilitafuta mtandaoni mpaka akanipata. "Kama wewe ndiye mtoto huyo," aliandika, "njoo kwenye arobaini yake." Kumbe Warusi nao wana arobaini.

Viza nilikuwa nayo, kwa mwaliko wa rafiki yangu Winfrida wa mwaka juzi ambao sikuutumia. Habari za tiketi na makaratasi naziacha. Jueni tu kwamba nilikuwa nafuata kitu kimoja: barua za mama yangu. Mvua zilipobomoa nyumba yake, kila karatasi yenye mwandiko wake ilienda na tope. Sina hata daftari la hesabu za sukari na chumvi. Na huko mbali, ndani ya droo ya mtu aliyemtelekeza, kulikuwa na barua kumi na moja.

Tabora mpaka Dulles

Treni ilikwama kwa masaa matano kabla ya kufika Dodoma na hakuna aliyetuambia kwa nini. Nilikula mayai ya kuchemsha matano. Ndege mbili zilizofuata sizikumbuki vizuri, zaidi ya miguu yangu iliyovimba kama mikate.

Kwenye uwanja wa ndege wa Dulles, afisa wa uhamiaji alitazama pasipoti, akanitazama mimi, akarudi kwenye pasipoti. "Umeolewa na Mrusi?"

"Nimezaliwa na Mrusi."

Akagonga muhuri. Nikatoka.

Lena alikuwa zamu kazini, akaniambia ameagiza dereva atakayekuja na jina langu. Nilikaa kwenye benchi pale wanapotokea abiria. Nikakaa. Watu wakakumbatiwa, wakapewa maua, wakaondoka. Simu yangu haikushika mtandao. Saa ya kwanza nilikuwa mpole, ya pili nikaanza kuongea peke yangu. Saa ya tatu mwanamume mmoja aliyekuwa amesimama mbele yangu muda wote, kanipa mgongo, akapiga simu na kufoka kwa Kiswahili cha Nairobi.

"Aki huyu Mrusi amenisotesha! Nimesimama hapa masaa matatu na simwoni. Ati Komarov. Mimi naangalia wazungu wote wakitoka, hakuna. Labda alilewa huko kwa ndege."

"Hajalewa," nikamwambia. "Amekaa hapa nyuma yako tangu saa nane mchana, na ana njaa."

Aligeuka. Mkononi alikuwa na karatasi: Y. KOMAROV. Alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka viatu.

"Wee! Komarov ni wewe?"

"Tangu nizaliwe."

"Pole, mathe. Mimi nilikuwa nangojea mzee mweupe."

Anaitwa Kamau. Ni mtu mwema na baadaye alinisaidia sana, lakini siku ile ningeweza kumng'ata. Hapa Tabora, kwa rangi hii yangu, nimeitwa Mrusi maisha yangu yote, mpaka na wauza nyanya. Nimesafiri nusu ya dunia, na mtu wa kwanza aliyetumwa kumpokea Mrusi akanipa mgongo masaa matatu.

Springfield

Winfrida, niliyesoma naye sekondari, anaishi Springfield upande wa Virginia, karibu na pale barabara kubwa zinapopandana juu kwa juu hadi unapata kizunguzungu. Anahudumia wazee majumbani mwao. Aliniwekea ugali na dagaa wa Kigoma, akanitazama nikila mpaka nikamaliza. Binti yake kila nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, tena kwa adabu kabisa, kama mtu anayekurudishia chenji.

Siku ya pili simu ya Winfrida, ambayo namba yake nilimpa Lena, ililia. Ilikuwa sauti ya mwanamume, Kiingereza chenye kishindo. Ni Viktor, baba yake Lena, yaani kaka yangu kwa baba. Ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti yake.

"Binti yangu alifanya makosa kukuita," alisema. "Kesho ni shughuli ya familia."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Unataka nini hasa?"

"Barua za mama yangu."

"Barua hizo aliandikiwa baba yangu. Ni mali ya akina Komarov."

"Nami ni nani?"

Akakata simu.

Nikaanza kukunja nguo zangu nizirudishe kwenye sanduku. Winfrida akazichukua moja moja akazitandika tena kitandani.

"Utakwenda," alisema. "Ila usiende ukalia, Yustina. Nenda na hasira zako. Huku ukilia wanakuletea tishu, hawakuletei ulichofuata."

Njiani

Asubuhi Kamau alikuja kunichukua. Ibada ilikuwa saa nne, naye alisema saa moja inatosha. Haikutosha. Mbele kulikuwa na ajali, magari yakasimama njia nne nzima, watu wametulia ndani kama wako ofisini. Yalipoanza kutembea, Kamau akaanza kunieleza habari za mjomba wake aliyegombea udiwani Murang'a, akaipita njia yetu ya kutokea. Kule ukipita hurudi. Unazunguka mpaka ukutane na dhambi zako.

"Kamau!"

"Najua, mathe. Najua."

"Hujui! Baba yangu kanikimbia miaka yote hii, na leo hata arobaini yake nachelewa!"

Akazima redio, akakaza macho barabarani, na tangu hapo hakumtaja mjomba wake tena.

Rockville

Kanisa ni dogo, watu wote wanasimama, hakuna viti. Niliingia padre akiwa mwishoni, anaimba majina ya marehemu. Msichana mrefu mwenye miwani akanishika mkono bila kuuliza, nikajua ni Lena. Nikatega sikio. Nilitaka kusikia jina letu likitajwa mbele ya madhabahu. Padre akaimba, "Arkadi." Akaenda kwa marehemu wengine.

"Mbona hajataja ukoo?" nikamnong'oneza Lena.

"Hatutaji. Kwa Mungu unakwenda na jina la ubatizo tu."

Nilikaribia kucheka kwa hasira. Ngumi zote zile za darasa la tatu, la nne na la sita, kumbe kwa kitu ambacho Mungu hana haja nacho.

Chakula kiliandaliwa ukumbini nyuma ya kanisa. Kulikuwa na ngano ya kuchemsha yenye asali na zabibu, chapati nyembamba laini, na samaki baridi. Watu kama thelathini, wote wameshakaa. Nikaona kiti kimoja tu kitupu, karibu na picha kubwa ya mzee mwenye pua yangu. Mbele ya kiti kulikuwa na sahani safi na glasi iliyofunikwa kipande cha mkate. Tangu Springfield sikuwa nimenywa kitu. Nikaketi, nikauondoa mkate, nikapiga funda.

Ilikuwa vodka. Na ukumbi mzima ulinigeukia.

"Hicho ni kiti cha marehemu," Lena akaninong'oneza, uso umemwiva. "Na hiyo ni glasi yake."

Ng'ambo ya meza alisimama mwanamume mnene wa miaka hamsini na kitu, mwenye pua ileile. Hakuhitaji kutambulishwa. Nikainuka, nikaomba radhi, mtu akaniletea kiti cha plastiki nikakaa pembeni kama mpiga picha.

Viktor alitoa hotuba. Aliongea Kirusi, Lena akawa ananitafsiria sikioni. Alianza na babu wa babu, Komarov aliyekuwa fundi wa reli. Akaja Komarov aliyekwenda vitani akarudi na mguu mmoja, akalea watoto sita kwa kushona viatu. Akaja shangazi aliyekuwa mkunga na kuzalisha kijiji kizima. Halafu Arkadi, aliyeitibu malaria huku jina lake lenyewe, alisema Viktor, linatokana na mbu.

"Anasema nini?"

"Mbu," akasema Lena. "Komar ni mbu."

Jamani. Mimi niliyeugua malaria mara zisizo na hesabu, niliyelitetea jina hilo kwa meno na kucha, kumbe naitwa Mtoto wa Mbu. Kicheko kikanitoka. Hakikuwa cha furaha, lakini kilisikika mpaka jikoni.

Viktor akaacha Kirusi, akanigeukia kwa Kiingereza ili nisikose hata neno.

"Unacheka? Huyu mama anasema ni binti ya Komarov. Anajiandika Komarov! Mwanamke wa ukoo wetu ni Komarova, na 'a' mwisho. Mke wangu, mama yangu, shangazi zangu wote. Mtoto yeyote wa Kirusi anajua hilo. Huyu hajui hata kuandika jina analodai ni lake."

Watu wakatazama sahani zao. Nilisimama.

"Nani angenifundisha?" nilimwambia. "Mama yangu alinakili jina hili kutoka kwenye beji ya koti la kazi. Beji ilikuwa ya mwanamume. Kama baba yako alitaka niwe na 'a', angekaa akaiandika mwenyewe."

Kabla Viktor hajajibu, Lena akafungua pochi yake, akatoa leseni yake ya udereva, akaiweka mezani mbele ya baba yake.

"Papa, hebu soma. Naitwa nani?"

Viktor hakuishika.

"Lena Komarov," akasema Lena. "Mliponiandikisha hospitali hapa hapa Maryland mliambiwa mtoto anachukua jina la baba lilivyo. Nimekaa bila 'a' miaka ishirini na sita. Mimi nami siyo wenu?"

Viktor akavuta koti lake kwenye kiti akatoka nje. Hakuna aliyemfuata.

Nilikwenda jikoni nikajimwagia maji usoni. Mwanamke mmoja aliyekuwa anasuuza vyombo akaniambia, "Pole, dada," kwa Kiswahili. Nusura nimkumbatie. Anaitwa Nyambura, Mkenya. Alimhudumia mzee Arkadi nyumbani miaka yake miwili ya mwisho, na siku ile alikuja kusaidia.

"Huyo mzee alikuwa anaongea Kiswahili poa sana," alisema. "Siku ya kwanza aliniuliza, 'Umeamkaje?' Nikashtuka karibu nianguke."

"Aliwahi kunitaja?"

Alifuta mikono polepole. "Zile barua ni mimi nilikuwa nazisoma. Macho yake yalikuwa yameisha. Kila Jumapili ananiambia, 'Nyambura, leta moja.' Namsomea, halafu anasema, 'Asante, rudisha.'"

"Alikuwa analia?"

"Hapana, dada. Nisikudanganye. Alikuwa anakula uji wake anasikiliza. Siku moja nilimwambia, mzee, si umpigie huyo msichana? Akasema, 'Nitamwambia nini?'"

Nilishika ukingo wa sinki. Mpaka dakika ile hasira zangu zote zilikuwa za Viktor. Sasa zilimwacha, zikarudi kwa mwenyewe. Mtu anajua Kiswahili. Ana simu mkononi. Ana anwani nyuma ya bahasha kumi na moja. Jumapili hadi Jumapili anamsikiliza mama yangu huku akinywa uji, halafu anauliza atasema nini!

"Angesema 'hujambo'," nilimwambia Nyambura. "Moja tu. Ingetosha."

Gaithersburg

Kesho yake Lena alipiga simu: baba yake yuko tayari kuniona. Kamau akanipeleka mpaka Gaithersburg, kwenye safu ya nyumba zilizofanana kiasi kwamba tulibisha hodi mbili zisizo zetu.

Viktor alifungua mwenyewe. Hakunipa mkono. Mezani alikuwa ameweka mfuko wa karatasi wa duka la dawa, na barua ndani yake. Niliona mwandiko wa mama juu ya bahasha, zile herufi zake zilizolalia kulia, nikashindwa kukaa.

"Nisomee moja," alisema. "Kwa Kiingereza, neno kwa neno. Baada ya hapo chukua zote."

"Hizi ni za mama yangu. Sikuja kufanyiwa mtihani."

"Na mimi nilikuwa na mama!" Sauti yake ilipasuka. "Nilikuwa na miaka minane. Mama yangu alikuwa anapanga foleni ya mkate kwenye theluji, anasema baba yuko Afrika anaokoa watu. Nimezikuta barua hizi mwezi uliopita. Siwezi kusoma hata neno moja. Nataka kujua huyo mwanamke alikuwa anamwambia nini baba yangu."

Sikutaka kumwonea huruma. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Nikachukua ya juu, yenye muhuri wa zamani kuliko zote, nikaanza kusoma kimoyomoyo kwanza. Nikakwama katikati. Nikarudia. Hasira mpya ikanipanda, ambayo sikuitarajia kabisa, kwa sababu maisha yangu yote mama aliniambia Arkadi alikuwa kijana asiye na mke, aliyeahidi kurudi kumuoa.

"Imeandikwa nini?" Viktor akauliza.

Nikamtafsiria.

"Kwako Daktari Arkadi. Salamu nyingi. Mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali. Msalimie mama Viktor. Sina nia mbaya naye, na sitakuandikia maneno ya kumuumiza. Msalimie na Viktor. Mwambie asome kwa bidii, na avae soksi nzito, maana ulisema kifua kinamsumbua. Mtoto amezaliwa salama. Ni wa kike. Nimempa jina lako ili siku moja hao ndugu wawili wasipotezane."

Viktor alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili.

"Soma tena hapo. Pa soksi."

Nikasoma tena.

"Nilikuwa na pumu," alisema. "Alimwambia habari za pumu yangu."

Hatukukumbatiana, msije mkasema nawaficha. Mimi nilikuwa namkasirikia mama yangu aliyejua kila kitu na akanidanganya, na mama hayupo nikamgombeze. Yeye sijui alikuwa anamkasirikia nani. Akausukuma mfuko kwangu.

"Hizo kumi nyingine," akaniuliza nikiwa mlangoni, "nazo zinanitaja?"

"Sijui. Sijazisoma."

"Nani atanisomea?"

Niliufunga mlango mwenyewe, Kamau akawasha gari.

Nyumbani

Ndege, ndege, treni. Safari hii haikukwama popote. Mfuko niliuweka mapajani mpaka Tabora.

Watoto wangu waliniuliza kama nitaongeza ile "a". Nimewaambia hapana. Mama alinakili alichokiona, na alichonakili ndicho jina langu.

Jumapili ya pili baada ya kurudi simu ililia, namba ya Maryland. Niliiacha ikalia mpaka ikakoma. Ikalia tena.

"Ni Viktor," alisema. "Huko ni saa ngapi?"

"Saa kumi na moja jioni. Viktor, nikuambie mapema: hasira zangu hazijaisha. Sijui kama zitaisha."

"Zangu pia."

Nikavuta kiti karibu na dirisha penye mwanga, nikavaa miwani, nikaifungua barua ya pili.